Kuanika Si Kukausha

Mama muuza mkaa ndiye aliyeleta maneno hayo mlangoni kwangu, kama mzaha. "Shoga, usimpe mbuzi mwenye mimba majani makavu. Yanatoa mimba." Nikacheka. Lakini lile neno lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kiangazi kilikuwa kimemaliza nyasi, na pumba hatukuziweza. Mbuzi wetu mmoja, tuliyemwita Bibi Harusi kwa maringo yake, alibakiza mwezi azae. Kitinda mimba wangu maziwa ya ng'ombe hayamkai tumboni, kwa hiyo tulikuwa tunangoja ya mbuzi. Bwana mifugo alitufundisha: kata matawi ya mlusina, ule mti wa malisho, kausha majani kivulini, weka guniani, mpe konzi mbili kwa siku juu ya malisho mengine.

Nikakata matawi. Asubuhi, nikitoka kwenda kufua nguo za watu, nikamwambia binti yangu mkubwa, "Anika yale majani, jioni yatie guniani." Akatii.

Tukaanza kumlisha. Siku ya tano Bibi Harusi hakuja nilipomwita. Kasimama kichwa ukutani, anasaga meno. Nikatia mkono guniani. Katikati kulikuwa na joto kama kifua cha mtoto mwenye homa, majani yameshikana, yana ukungu mweupe.

"Haya yalikauka lini?"

"Kukauka? Mama, uliniambia nianike. Nikaanika."

"Ukayatia guniani mabichi!"

"Ulisema jioni. Na jioni ilifika."

Ulimi wangu ndio uliokosa.

Nilipomwita bwana mifugo, alinusa gunia, akakunja uso. "Mama, umemlisha ukungu."

"Atatoa mimba?"

"Nimemchoma sindano. Hadi kesho tutajua."

Mama muuza mkaa akachungulia uani. "Si nilisema mimi?"

"Ulisema makavu," nikamjibu. "Laiti yangekuwa makavu!"

Sikubanduka bandani. Kila Bibi Harusi akijilaza, nami roho inalala naye. Kesho yake adhuhuri mimba ilitoka, watoto wawili, wameshaota manyoya. Mama yao akapona. Kitinda mimba akaniuliza, "Maziwa yangu lini?" Nikashindwa hata kumdanganya.

Majani makavu hayana kosa. Sasa tunayakausha sawasawa, na Bibi Harusi anayala. Ila wewe mwenye mbuzi, shika haya:

Usimwagize mtoto nusu, kisha ukamkaripia kwa nusu uliyoimeza.

Usifunge gunia kabla jani halijavunjika mkononi na kulia kama karatasi.

Usiweke gunia sakafuni. Unyevu hupanda.

Usimpe majani yenye ukungu, hata ukiyapeta, hata ukiyaanika upya.

Usifanye mlusina kuwa chakula chote. Mbuzi atanyonyoka manyoya.

Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, wala usiwaachie mbwa.