Marehemu wa Ghorofa ya Nne

"Mama Winfred, mgeni akikuuliza ulichoona chumbani kwa mgeni mwenzake, utamwambia?"

Aliyeniuliza ni Milcah, jirani yangu wa kitanda cha juu bwenini. Ilikuwa Ijumaa, tuko kwenye basi tukitoka kanisani Mesaimeer. Nikamjibu, "Nitamwambia niliona vumbi."

Alicheka hadi dereva akageuka. "Shosho, bibi wewe, utazeekea Doha!"

Nilikuwa nikisafisha nyumba za kupangisha kule Al Thumama. Chumba 203 alikaa Arkadi, mpelelezi wa polisi kutoka mojawapo ya nchi zilizokuwa za Wasovieti. Suruali ilimpwaya kiunoni. Mwili uliokondeshwa na msiba naujua; wangu ulikuwa hivyo mwaka nilipomzika baba Winfred. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota kama changu, ndiyo maana tulielewana.

Jumatatu nilikuta mezani kwake picha ya mwanamke, mbele yake glasi ya maji imefunikwa kwa kipande cha mkate. Sisimizi walishaanza. Nikatupa mkate, nikamwaga maji, nikaosha glasi.

Arkadi aliporudi hakupiga kelele. Aliketi kitandani akashika kichwa.

"Mama, ule ulikuwa wa mke wangu. Kwetu marehemu huwekewa siku arobaini. Leo ni ya thelathini na moja."

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua ni wa wafu. Yule wa 406 naye anaweka hivyo, na nikiutupa anacheka, anakata mwingine. Nikadhani ni mchezo wenu. Maana anauweka mbele ya picha yake mwenyewe."

Akainua kichwa. "Yake mwenyewe?"

"Ndiyo. Ina utepe mweusi pembeni. Naye yuko hapo kando anakula mayai."

Akatoa simu akanionyesha mwanamume mwenye nyusi nene. "Ni huyu?"

"Ndiye. Ila hapo alikuwa amenona."

Ndipo akanieleza. Yule alikuwa mkuu wa jimbo kwao. Watu wanne waliochunguza mali yake waliuawa. Wa tano ni mke wa Arkadi, aliyewasha gari la mumewe asubuhi moja likalipuka. Kabla hajakamatwa, mkuu huyo akatangazwa amekufa. Daktari akaandika cheti, jeneza likazikwa, faili likafungwa.

"Nilisimama pale kaburini kwake," Arkadi alisema. "Kwetu hata kifo kinanunuliwa. Nimemfuata hadi Doha kwa tetesi tu, na yeye amelala juu ya kichwa changu."

Alitaka kitu kimoja kwangu: karatasi yenye jina langu na sahihi yangu, kwamba nimemwona mtu huyo yu hai. Akisema yeye peke yake, kwao wangesema msiba umemchanganya; na bila barua kutoka kwao, polisi wa hapa wasingemgusa.

Nilijifungia stoo ya mashuka nikapiga magoti. Nilifikiria kibali changu cha kukaa, nikawafikiria watoto. Kisha nikawafikiria wale watano. Nikarudi nikaandika, herufi kubwakubwa za darasa la saba.

"Usisahau mayai," Arkadi alisema.

"Utampa nani?"

"Mkuu wangu wa kazi. Kule nyumbani ni yeye peke yake ambaye hajanunuliwa. Alibeba jeneza la mke wangu begani."

Akaipiga picha ile karatasi, akaituma nikimwona. Jibu halikukawia. Kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake.

"Anasema kesho. Anasema nisimwambie mtu mwingine."

Kesho yake asubuhi, Ronnie, msimamizi wetu, alinituma nikasafishe 406. Kabati tupu. Sufuria ya mayai bado ina uvuguvugu.

"Gari limemchukua sasa hivi," Ronnie alisema. "Ameniomba nimchapishie kitu pale mapokezi, akasema nikupe." Alinipa bahasha huku anaangalia viatu vyake. "Mimi sijaisoma, mama. Lakini nakala nyingine kaniambia niipeleke ofisini kwa kampuni. Wanakutaka saa nne."

Ndani mlikuwa na nakala ya karatasi yangu. Jina langu, sahihi yangu, mpaka mayai.

Nilishuka ngazi hadi 203. Arkadi alikuwa amevaa tai na shati nililompigia pasi, anangoja simu. Nikampa karatasi, akaisoma mara mbili.

"Ulimtumia nani mwingine?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Labda simu ya mkuu wako imeibiwa."

Simu yake ikalia; akanionyesha ujumbe wa mkuu wake ulioingia dakika ile ile. Sikuweza kuusoma, akanitafsiria kwa sauti ndogo: "Faili limefungwa. Umechoka, ndugu yangu. Pumzika."

Ilikuwa saa nne kasorobo.

"Na mimi je?" nikasema. "Wakiniuliza ofisini niseme nini? Twende wote, bwana. Ukiwaambia wewe ni polisi, labda watanisikiliza."

Aliiweka karatasi mezani, akachukua koti, akanipita pale mlangoni bila kunitazama. Lifti ilikuwa wazi, hakuipanda. Nilimsikia akiteremka ngazi polepole, kisha mlango wa chini ukafunguka, ukajifunga.