Goli Ambalo Halikuwa Mezani

Hebu niambie, umewahi kuona mtu kafika mbele ya goli, kipa kalala chini, nyavu ziko wazi kama mlango wa nyumba yenye harusi, halafu akageuka na kuurudisha mpira nyuma? Mimi nimeona. Nimeona Jumamosi, kwa macho yangu haya mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini hata hilo liliona.

Aliyeurudisha ni Sindano, straika wetu, kijana mwenye mbio utadhani kakanyaga kaa la moto. Wala hakuurudisha kwa kupenda. Aliinua kichwa kwanza akatazama benchi, na pale kocha wa washambuliaji alikuwa amesimama, viganja vyote viwili vinakandamiza hewa: tulia, tulia, rudisha. Sindano akatii. Mpira ukaenda kwa kiungo, kiungo akampa beki, beki akampa kipa wetu. Uwanja mzima ukaguna kama ng'ombe mgonjwa.

Na huyo kocha wa washambuliaji ni mwanangu. Kitinda mimba wangu.

Nyuma yangu alikaa fundi cherehani wa mtaani kwetu, yule ambaye ukimpelekea suruali aipunguze, anairefusha. Akaniinamia sikioni.

"Bibi, samahani. Hivi mwanao anafundisha washambuliaji au walinzi wa benki?"

Watu wakacheka.

"Wewe kashone," nikamwambia. "Mkwe wangu mpaka leo anatembea mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, kwa mkono wako."

Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia fundi kwa kunichokoza, nikamkasirikia mwanangu kwa sababu fundi kasema kweli.

Mechi ikaisha bila bao, kama iliyotangulia, na kama iliyoitangulia hiyo. Ikabaki moja tu. Tukishinda tunabaki kwenye ligi. Tukitoka sare tunashuka daraja, na mwanangu kazi hana. Mwenyekiti wa timu alishalisema hilo redioni, tena huku anacheka.

Jumapili asubuhi kocha mkuu akaja nyumbani kwangu, maana mwanangu bado anakaa nami. Nikatandika kile kitambaa cha maua, nikaleta chupa ya chai, vikombe, mkate, na bakuli la sukari ambalo kifuniko chake kimevunjika kishikio. Kocha mkuu ni mtu mnene, mpole, anayepuliza chai hata ikiwa imeshapoa.

"Mama," akasema, "nimekuja tupange mambo na Komeo. Ya mwisho hii."

Komeo ndilo jina watu walilompa mwanangu enzi alipokuwa kipa wa timu hiihii, kabla goti halijamsaliti. Mpira ukifika kwake, mlango umefungwa, rudi kwenu. Mpaka leo wazee uwanjani wakimtaja wanatikisa vichwa kwa raha.

Basi Komeo akaanza kupanga vyombo. Vikombe ndio wachezaji wetu, vijiko ndio wapinzani, bakuli la sukari ndilo goli letu. Akaeleza namna tutakavyoshambulia.

"Sindano akipanda hapa," akasukuma kikombe, "winga arudi huku. Maana wakitunyang'anya..." Mkono ukakimbilia bakuli la sukari. "Na kiungo asivuke hapa. Maana wakitunyang'anya..." Mkono tena kwenye bakuli. Hata kifuniko akakiweka sawa, kama kwamba sukari ingetoroka.

Mimi ni mtu wa subira. Nimepuliza kuni mbichi mpaka zikawaka. Nikasimama pale na chupa yangu ya chai, natazama kikombe kinapanda, kinarudi, kinapanda, kinarudi, mpaka nikahisi kizunguzungu.

"Mwanangu," nikasema, "goli lao liko wapi?"

"Lipi, mama?"

"La kufunga. Hili la sukari ni letu. Lao liko wapi?"

Akaitazama meza. Vikombe vyote vilielekea ukingoni, na ukingoni hapakuwa na kitu, kitambaa tu kinaning'inia. Kocha mkuu akaacha kupuliza chai.

"Nimesahau kuliweka," akasema polepole.

"Msimu mzima?"

Nikamgeukia mgeni, na mgeni ni mgeni, lakini siku hiyo adabu ilinishinda.

"Na wewe! Kazi ya kufungua mlango mkampa nani? Komeo! Makipa mkampa shemeji wa mwenyekiti, aliyekuwa winga, mtu ambaye maisha yake yote kashika mpira kwa mkono mara moja, akaonyeshwa kadi. Kipa anafundisha kufunga, winga anafundisha kudaka, na wewe uko katikati unapuliza chai!"

"Mama, uongozi ndio..."

"Uongozi haupigi mpira! Anayezomewa ni Sindano, mtoto wa watu, kwa kutii alichoambiwa. Aibu hii si yake."

"Mama, basi," akasema Komeo.

"Basi ya nini? Watakufukuza, na watasema hujui mpira. Wewe, hujui mpira! Siku ile walipokupa kazi hii, ulitoka ofisini kwao ukaja hapa ukaniambia umeshukuru. Ulishukuru nini? Mwambie huyu hapa, usiniambie mimi. Ulitaka nini?"

Mwanangu akalichukua lile bakuli la sukari, akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, viwiko nje, kidevu juu yake, vilevile alivyokuwa akiukumbatia mpira mvua inanyesha na watu wamemrukia.

"Washambuliaji wape mtu asiyeogopa, kocha," akasema. "Mimi nilitaka makipa. Tangu siku ile ya kwanza, nilitaka makipa."