Sabuni ya Maonyesho

Mwaka huo ujasiriamali ulianza kufundishwa kuanzia chekechea hadi chuo, na kwa msusi, mama wa watoto watatu, maana yake ilikuwa moja tu: sabuni ya maji. Wa chuo alikoroga sabuni. Wa sekondari naye akakoroga sabuni. Hata kitinda mimba wa chekechea, ambaye kamasi zake mwenyewe zilimshinda, aliagizwa apeleke ndoo, mwiko na rangi ya kijani.

“Tukiuza sabuni sote, anunue nani? Paka?” msusi alifoka, lakini ndoo akanunua.

Siku ya maonyesho ya chekechea alifunga saluni, akaenda. Chupa za kijani zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe pe, na mwalimu mkuu alikuwa akiwahubiria wazazi: “Mjasiriamali hodari huanza kwa kuiona shida iliyo karibu naye!”

Mara kitinda mimba akatoka chooni, mikono michafu hata haitazamiki.

“Mama, huko hakuna sabuni.”

“Imeisha leo?”

“Haijawahi kuwepo.”

Msusi yalimfika shingoni. Alimshika mwanawe mkono, akamvuta mpaka mezani, akanyakua chupa moja na kuanza kuifungua. Mwalimu mkuu aliacha hotuba, akaja mbio, tai begani.

“Mama, rudisha! Hiyo si ya kutumia, ni ya maonyesho!”

“Haya,” msusi alisema, akairudisha. Kisha akaibandika mikono ya mwanawe juu ya kitambaa cheupe, katikati ya chupa. “Na hii muionyeshe.”