Bila Kuhesabu

Kwa kufunga maswali, Nelly hakuwa na mpinzani. Lile jukwaa la mtandaoni la waandishi wa programu za kompyuta wanaoulizana kwa Kiswahili lilikuwa na wasimamizi wanne, na yeye alisimamia akiwa Garsen, nyuma ya duka la vitenge la dadake Dama, mahali ambapo joto la adhuhuri hulegeza hata mawazo. Swali lililokwisha kuulizwa likija tena, analigonga muhuri: Marudio, limefungwa. Kisha anaegemea ukuta, macho nusu wazi, akisikiliza ng'ombe wakipita kwenda mtoni, kwato zikikanyaga mchanga polepole, mpaka asijue kama anawasikia au anawaota.

Aliyefungiwa maswali matatu alitolewa jukwaani moja kwa moja. Kanuni hiyo aliitunga Nelly mwenyewe, na aliipenda, tusimfichie.

Mtu aliyejiita Kuno alikuwa ameshafungiwa mawili, yote kwa maneno yaleyale: "Mimi nataka programu ya kujua ng'ombe gani haijarudi. Bila kuhesabu." Mara zote mbili Nelly alimwelekeza kwenye swali la zamani, la namna ya kuhesabu vitu katika orodha. Alhamisi moja Kuno akaleta la tatu, na safari hii ameongeza maneno.

"Dada, wewe hujasoma. Baba yangu jicho imekwisha. Zamani jioni anasimama kwa lango, anajua nani hayuko. Sasa nasimama mimi, na mimi sijui kama yeye. Kuhesabu amekataa. Anasema ukihesabu ng'ombe unaita hasara. Mkinitoa hapa, sina pengine pa kuuliza."

Nelly akatabasamu kwa ujuaji. "Kaka Kuno," akamwandikia, "huwezi kujua nani amekosekana bila kuhesabu." Kidole kikaelekea kwenye muhuri. Jibu likawahi kufika.

"Mama yako akipakua chakula, anahesabu nyinyi?"

Kidole kikabaki hewani. Ndani ya lile joto akamwona mama yao, Mbodze, kule Tarasaa, ameinama juu ya sufuria ya sima na mwiko mkononi. Hajawahi kuhesabu mtu. Huangaza macho mkekani mara moja tu, akasema, "Ziro bado." Ziro, kaka yao, alichukuliwa na mafuriko, na huu ni mwaka wa sita. Hata leo mwiko husimama kidogo, mama akatazama mlangoni, kisha akaendelea kupakua. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Nelly alilia palepale, na Dama akamletea leso.

Kisha Nelly akaifuta mihuri yote miwili ya Kuno. Kwa wasimamizi wenzake aliandika, "Si marudio. Nilifunga bila kusoma," na ilimuuma kuandika hivyo. Naye Kuno, Nelly alimjibu yeye mwenyewe: weka majina yao yote katika orodha; kila anayeingia langoni, gusa jina lake, linatoka. Jina litakalosalia, simu italitaja kwa sauti. Hakuna namba popote. Wakiwa wamerudi wote, simu itanyamaza.

Baada ya siku chache Kuno akaandika: "Jana simu ilinyamaza. Baba akasema, haya, funga lango."

Nelly alilisoma hilo mara nyingi. Nje ng'ombe walikuwa wakipita, na aliwaza kwamba labda ndio hao, au labda sio. Hakutoka kwenda kutazama.

Programu ile, pamoja na orodha ya majina ya Kuno, ikakaa jukwaani, na watu wakaipenda. Mwaka uliofuata mwanachama mmoja akaleta pendekezo la marekebisho: "Kuno ameeleza kuwa ng'ombe aitwaye Dimtu alikufa wakati wa ukame. Simu bado inamtaja kila jioni. Hili ni kosa. Jina lifutwe." Wasimamizi wengine watatu walikuwa wamekwisha kukubali. Ilibaki kura ya Nelly, na kura moja ya kukataa ilitosha kulizuia.

Chini yake Kuno alikuwa ameandika mstari mmoja. "Baba anasema muache imuite."

Nelly akalikataa pendekezo. Mahali pa sababu aliandika, "Si kosa," akaliacha jina la Dimtu pale lilipokuwa.