Khaki ya Kitabu cha Pascal

Neno lenyewe lilikuwa Break. Kitabu kilidai nikiliandika, kompyuta itaacha kuuliza uzito wa magunia, kisha itoe jumla ya lori. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa kazi, ilijibu kwamba hailijui. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea herufi. Mara ya ishirini nikaanza kuitukana.

Ilikuwa Ijumaa, msimu wa 1996, katika kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi. Jumatatu malori ya pamba kutoka Sapiwi yangeanza kuingia, na bosi wetu Januarius alishatamka: programu ya mizani isipofanya kazi, ataleta mtu kutoka Mwanza, mimi nirudi kufagia ghala. Ufagio naufahamu. Ushirika uliponipunguza kazini, ufagio ndio ulionilisha miaka miwili. Hatukuachana kwa ubaya, lakini sikutaka turudiane.

"Mwadila, mayu," alisalimu Selestini, fundi wa mitambo, grisi mpaka kwenye nyusi. "Bado unagombana na mwenzio?"

"Mwadila, baba. Hanisikii."

"Umejaribu Kisukuma?"

"Nimefuata kitabu neno kwa neno."

Akakichukua. Nilikifunika kwa karatasi ya khaki siku ile ile kilipofika, pembe zimekunjwa sawasawa, VIOLETH JILALA mbele. Shuleni tulichapwa kwa kuwa na kitabu kisicho na khaki, mkono haujasahau.

"Cha mashine gani hiki?"

"Cha Pascal, lugha ninayoandikia programu."

"Pascal ipi? Mimi kabla ya kuagiza beringi nasoma kibati cha mashine. Mwaka juzi nilijifanya najua, nikaletewa za mashine mpya. Sasa zinazuia mlango usijifunge."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Nikafunga programu, nikaifungua tena, na safari hii nikasoma ule mstari wa juu niliokuwa naupita kila asubuhi: toleo la 5.5. Nikachana khaki. Chini yake, tarakimu kubwa kama mayai ya bata: 7.0.

"Umefunika chapa ya ng'ombe," alisema Selestini, "halafu unashangaa haitiki ukimwita."

Kitabu cha 5.5 hatukuwa nacho. Lakini kompaila ilikuja na maelezo yake ndani, ukibonyeza F1, na mimi niliyadharau kwa kuwa hayana jalada. Break haikuwemo. Basi nikaanza mstari wa kwanza: kila neno nililochota kitabuni nililitafuta humo, lisilokuwemo, nje. Mahali pa Break nikaandika kwamba irudie kuuliza mpaka uzito uwe sifuri.

Jumamosi alasiri kompaila ikakubali. Selestini akapanda mizani kwa majaribio.

"Sabini na moja," nikamsomea.

"Toa grisi."

Jumatatu, lori la kwanza lilipomaliza kupimwa, Januarius alichana karatasi kwenye printa. Akajumlisha kwa kalamu. Akajumlisha tena.

"La pili liingie," akasema, akaketi.

Kitabu nilikifunika upya, maana mazoea ni mazoea. Ila safari hii, juu ya jina langu, niliandika kwa wino mwekundu: 7.0, SI CHA MASHINE HII.