Wateja wa Norwe

Mtaani walimwita Profesa. Mwanzoni aliamini ni kwa heshima, baadaye akajua ni kejeli, na alipojua tayari alikuwa ameshaizoea. Alikuwa fundi simu. Ukimpelekea simu iliyoingia maji, ulirudi nyumbani na simu kavu na masikio yamechoka.

Siku hiyo aliyekuwa amenasa ni karani wa benki, aliyekuja kubadilishiwa kioo na kwa bahati mbaya akauliza VPN ni kitu gani.

"Sikiliza, kaka," Profesa akaanza, bisibisi mkononi. "Ukiingia mtandaoni hivi hivi, unapita barabarani na mzigo wako wazi. Kampuni ya mtandao inaona unaelekea wapi, na kule unakobisha hodi wanajua umetoka wapi. VPN inaufunga mzigo kwa kufuli, inaupeleka kwanza kwenye kompyuta iliyoko mbali huko, halafu hiyo kompyuta ndiyo inayobisha hodi kwa niaba yako. Mwenye nyumba anaiona hiyo. Wewe hakuoni."

"Na watu wanaitumia ya nini?"

"Mmoja yuko kwenye Wi-Fi ya hotelini, hataki wajanja wachungulie nywila yake. Mwingine yuko nyumbani, anafungua mafaili ya ofisini. Mwingine anatafuta mechi ambayo kwao haionyeshwi. Na wengine..." Profesa akakohoa. "Wengine wana mambo yao."

Karani akacheka, akachukua simu yake akaenda zake. Profesa akabaki na mambo yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mkewe alikuwa fundi wa magauni, anashonea sebuleni karibu na dirisha. Shemeji mtu, mdogo wa mkewe, alikuwa amemfungulia ukurasa kwenye tovuti ya mafundi, picha nzuri na bei zake. Miezi ikapita, ukurasa kimya, hakuna aliyeandika hata neno. Siku moja mke akaifunika cherehani kwa shuka, akasema, "Basi. Watu wanataka nguo za dukani. Naacha."

Mume mwenye akili zake angemshika mkono na kumwambia, mke wangu, unashona vizuri, usiache. Profesa, na mdomo wote ule, maneno kama hayo yalimkwama kooni. Angeweza kukueleza betri inavyochaji mpaka ulie, lakini kumsifu mkewe mbele ya macho yake? Aliona haya kama mwari. Akaguna tu, akavaa viatu, akaenda dukani kwake, na huko akajifanya mteja, akaandika kwenye ukurasa wa mkewe: "Gauni limenikaa vizuri sana. Fundi huyu ana mikono ya baraka."

Ile tovuti haikukubali maoni mawili kutoka anwani moja ya mtandao. Hapo ndipo VPN ilipoingia. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya bure, inayotoa anwani mpya kila ikiwashwa lakini kwa nchi tatu tu: Norwe, Ufini na Kanada. Na tovuti, bila kuombwa, ikawa inaandika pembeni ya kila mteja nchi anayotoka.

Mke akasoma, akadhani ni yale magauni watu waliyonunua kwake kuwapelekea ndugu zao ng'ambo. Akaifunua cherehani. Akaanza kuimba asubuhi, na Profesa akajiona mwanamume kweli kweli. Akazidisha. Ufini ikalia kwa furaha, Kanada ikaapa haitavaa tena nguo ya fundi mwingine, na katikati ya sifa hizo mmoja akalalamika zipu imekwama.

Lo! Ungedhani mtu anayejua mtandao wote ule angefikiria kidogo. Jioni moja mkewe akamkaribisha kiti kwa adabu isiyo ya kawaida.

"Baba, nimepiga hesabu. Watu wetu walioko nchi za baridi ndio wananipenda. Kwa hiyo nashona makoti. Nimeongea na mwenye duka la cherehani: kesho namwachia hii yangu, ananipa ile nzito ya kushonea sufu. Tumekubaliana kabisa."

Profesa akapaliwa na chai. Makoti! Nje kulikuwa na joto la kuyeyusha gundi. Na cherehani ile ndiyo iliyowalisha, ikawasomesha watoto. Ikishaenda, hairudi, na makoti atavaa nani? Ufini?

Kusema ukweli kulikuwa mbele yake, hatua moja tu. Profesa akaenda chooni na simu, akafunga mlango, akabonyeza bendera ya Norwe, akaandika: "Dada fundi, nasikia unataka kushona makoti. Usishone! Huku siku hizi ni joto tupu, tunashinda na vesti. Endelea na magauni kwa cherehani yako hiyo hiyo. Na upumzike, mgongo wako unakuuma kila jioni na hutaki kukandwa."

Akatuma. Akatoka chooni akipiga mluzi.

Mkewe alikuwa amesimama sebuleni, simu mkononi, anasoma kwa sauti. Alipofika kwenye vesti akakunja uso. Alipofika kwenye mgongo akamtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara.

"Mtu wa Norwe kaujuaje mgongo wangu?"

Profesa akaificha simu yake nyuma ya mgongo.

"Hawa wote ni wewe?"

"Wote."

"Yule wa Ufini aliyelia alipoliona gauni la bluu?"

"Mimi."

"Ulilia?"

"Kidogo."

Mke akakaa. Machozi yakamtoka naye, ila hayakuwa ya Ufini. "Nilikuwa nimeacha kazi hii. Nikarudi kwa sababu nilijua kuna mtu asiyekula kwangu wala kulala kwangu, na bado ameipenda. Hakuna hata mmoja wa kweli?"

Profesa alijiona punda, tena punda aliyevaa miwani. "Yupo mmoja," akasema polepole. "Yule aliyelalamika zipu imekwama."

"Huyo ni mtu?"

"Huyo ni mtu."

Mke akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akamwandikia papo hapo yule wa zipu: lete gauni, nakurekebishia bure. Kisha akampigia mwenye duka, akamwambia cherehani haiendi popote. Akaweka simu mezani.

"Sasa wewe. Zima Norwe yako. Mimi niko hapa, na wewe uko hapa. Mshono wangu unauonaje?"

Profesa akatazama sakafu, vipande vya nyuzi, kila mahali. Mwishowe akasema kitu ambacho mwenyewe hakukitegemea.

"Kola zako zinapinda. Upande wa kushoto."

Mke akaduwaa. "Tangu lini?"

"Tangu lile shati ulilonishonea nije kwenu kujitambulisha."

"Na hukuniambia! Ukalivaa hivyo hivyo, limepinda, mbele ya baba yangu?"

"Nimelivaa mpaka limeisha mabegani, mke wangu. Ulipotaka kulifanya tambara nilikudanganya limepotea. Liko dukani kwangu, nimelikunja. Sijawahi kuwa na nguo nyingine ninayoipenda kama ile."

Mke akavuta kiti, akakaa kwenye cherehani, akaanza kutunga uzi kwenye sindano.

"Kalilete," akasema. "Nikugeuzie kola."