Kwa Nje Kunapendeza

Theluji ilikuwa imeondolewa hadi mlangoni kwa mzee Wardlaw, na kingo za njia zimenyooka utadhani zimekatwa kwa kisu. Renata Bukowski, mkaguzi wa idara ya makazi ya jiji, alizoea kupita na gari mbele ya nyumba ile na kuipa alama nzuri bila kushuka. Kiangazi nyasi zilikatwa, barua hazikurundikana kizingitini. Hata siku hiyo asingeshuka, kama matofali ya dohani ya nyumba hiyo yasingeangukia gari la mtu, na mwenye gari akapiga simu kulalamika.

Mzee alimfungulia akiwa amevaa makoti mawili.

"Loo, Mama Karatasi mwenyewe!" akacheka. "Nani kafa?"

Ndilo jina walilompa mtaani, kwa zile karatasi nyekundu anazobandika kwenye milango ya nyumba zisizokalika. Renata alitabasamu kidogo, lakini kipimo cha hewa ya sumu kiunoni mwake kilianza kulia kabla hajafika jikoni. Mlango wa oveni ulikuwa wazi, gesi inawaka, na kiti cha mzee kimewekwa mbele yake. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mtambo wa kupasha nyumba joto ulikuwa umekufa zamani. Alizima gesi, akafungua dirisha, na baridi ikaingia kama mwenye nyumba.

"Mzee, hewa hii inaua watu. Huanza na kichwa kuuma tu."

"Mimi na umri huu, mwanangu, itaua nini?" Kisha utani ukamwisha. "Si mnitengenezee tu huo mtambo?"

"Mfuko wa matengenezo umekauka mpaka baridi iishe."

"Ukinitoa leo sirudi tena. Na unajua."

Alijua. Nyumba ikikaa tupu, wezi hung'oa mabomba ya shaba, paa hubonyea, kisha tingatinga la jiji hilohilo huja kumaliza kazi. Miaka yote Renata alijiambia kwamba anaokoa watu. Sasa karatasi iko mkononi, na roho inamuuma.

Mlango ulisukumwa. Aliingia Verlene, jirani wa ubavuni, na koleo lake la theluji.

"Usithubutu kubandika hiyo! Theluji natoa mimi, nyasi nakata mimi, barua naokota mimi. Yote hayo ili nyie mpite zenu, mmwache mzee wa watu!"

"Na nilipita, dada," Renata alisema kwa sauti ya chini. "Kila mara nilipita zangu."

Akaikunja karatasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaitia mfukoni.

"Basi nisaidie. Makao ya jiji yamejaa, huko atalala kitini. Mchukue kwako leo tu. Mimi nitakwenda ofisini niwapigie kelele mpaka watoe fundi. Sibandiki kitu."

Mzee alikuwa tayari anatafuta kofia yake. Verlene aliitazama oveni, na Renata akagundua kwamba haikumshangaza hata kidogo.

"Verlene?" mzee aliita. "Nitakaa kimya, sitakusumbua."

"Si hivyo, baba." Koleo lilimponyoka. "Kwangu nako tunawasha oveni. Watoto wanalala jikoni."

"Wako shule saa hizi?" Renata aliuliza.

"Leo hawakwenda. Wanasema vichwa vinawauma."

Renata alitoka mbio bila kufunga mlango, Verlene nyuma yake, na mzee Wardlaw akawafuata thelujini na ndara zake, akimwita Mungu.